Siku Nne za Kubisha Hodi Pemba

Nilitembeza wageni Unguja miaka kumi na moja kabla sijampeleka hata mmoja Pemba. Mji Mkongwe naujua uchochoro kwa uchochoro. Katika msitu wa Jozani najua kima punju hukaa wapi asubuhi na hukimbilia wapi jua likikaza. Pemba nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote kwa maziko ya jamaa wa bibi yangu mzaa mama, ambaye asili yake Kengeja. Unashuka bandari ya Mkoani, unazika, unakula, unarudi na boti inayofuata. Hata siku moja sikupata kukitazama kisiwa.

Basi Oktoba moja, msimu wa karafuu umepamba moto, nikapata wageni wanne waliotaka kwenda pasipojaa watu: mtu na mkewe kutoka Ujerumani, kijana wa Kiholanzi mpiga picha, na mwalimu wa jiografia kutoka Dodoma aliyeweka akiba miaka miwili kwa safari hii. Nikawapangia ratiba ya siku nne, saa kwa saa, kama ninavyopanga Unguja. Nikaichapisha na kuigawa.

Boti ikishapita Nungwi bahari hubadilika. Mawimbi yalianza kutuinua, Mholanzi akatoka nje na kamera yake akicheka kwa furaha. Ndani, akina mama walikuwa wameinamisha vichwa, midomo inacheza, tasbihi mikononi. Ilibidi nimwite arudi nimweleze kwamba bahari ile ya Nungwi ndiyo iliyomeza meli iliyokuwa ikienda Pemba, usiku wa Septemba 2011, na waliokufa ni mamia. Hakuna shehia Pemba isiyokuwa na mtu wa kumtaja. Kijana alinyamaza, akakaa chini, kamera akaitia mkobani. Nilijiona nimefanya kazi yangu vizuri. Saa chache baadaye nilikuja kuona kwamba sikuwa nimejifunza lolote kwa lile nililomfundisha.

Mwalimu wa Dodoma alituchorea ramani nyuma ya ile ratiba. Zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara. Mtu angeweza kutembea kwa miguu. Pemba haikuungana. Baina yake na bara kuna mkondo wenye kina kinachozidi mita 800, na kisiwa kimekaa peke yake muda mrefu kuliko tunavyoweza kuuwaza. Ndiyo sababu, akasema, kuna ndege na popo na miti ambayo Mwenyezi Mungu kaiweka pale tu. Nimewaeleza wageni habari za visiwa hivi miaka yote hiyo na hilo nilikuwa silijui.

Mkoani tulipokewa na dereva. Mwenyeji wetu, kijana wa Makangale, alikuwa akitungoja mjini Chake Chake. Barabara ya kwenda Chake haina tambarare, ni kilima na bonde, kilima na bonde. Juu mikarafuu, chini mpunga, na kila upepo unapogeuka harufu inaingia garini. Waarabu wa zamani waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na ukiiona baada ya mvua hutaki jina jingine.

Tulipopita Mtambile nikaona kile ambacho mtembeza wageni hukiota: nyumba ya udongo, majamvi ya karafuu yametandazwa uwanjani mpaka ukingo wa barabara, na barazani wanawake sita au saba wamezunguka lundo wakichambua. Jua la saa kumi linawapiga ubavuni. Nikamwambia dereva asimame. Alipunguza mwendo, akaniangalia, akasimama, lakini gari hakuizima.

Tulishuka sote. Nikaanza kueleza kwa sauti, kama ninavyofanya katika mashamba ya viungo: hii ndiyo karafuu, huchumwa kabla ua halijafunguka, haya ni makonyo, vijiti vinavyoishika karafuu. Kijana akaenda mbele kutafuta mwanga, akakanyaga pembe ya jamvi kwa kiatu. Kamera ikalia mara tatu, nne. Bibi aliyekaa katikati akavuta kanga akajifunika uso. Akasema neno, si kwa ukali, kama anayezungumza na lundo lake: "Wametujia kututazama kama kuku sokoni. Na Muunguja huyo ndiye anayewaleta." Kisha akainuka akaingia ndani, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Lundo likabaki pale.

Wajerumani hawakuelewa. Mwalimu alielewa. Hakusema kitu, alinitazama tu, na tulipokuwa garini alikunja ile ramani yake akaangalia nje mpaka Chake.

Habari ilitangulia. Mwenyeji wetu alinikaribisha, akaagiza kahawa, akaichukua ratiba yangu akaisoma yote bila haraka, halafu akaikunja mara mbili akaitia mfukoni.

"Unajua lundo lile ni la nini?" akaniuliza.

Nikasema ni karafuu ya kuchambua.

"Ni karafuu iliyochumwa leo. Ikilala haijachambuliwa inavukuta, rangi inageuka, bei inaanguka. Mmewaingiza ndani wakati wa kazi. Usiku watachambua kwa taa." Akanyamaza kidogo. "Weye kwenu Unguja, ungeingia uani kwa watu na kamera bila kubisha hodi?"

Swali hilo sijapata jibu lake mpaka leo, maana jibu ni moja na sote tunalijua. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anafundishwa hodi kabla ya kufundishwa kuhesabu. Unabisha mara tatu, usipojibiwa unarudi. Nimeishi hivyo maisha yangu yote, lakini nikiwa na wageni nyuma yangu nilikuwa nimejipa ruhusa ya kuingia popote pasipokuwa na mlango. Uwanja wa karafuu hauna mlango. Nikadhani hauna mwenyewe.

Usiku ule alinieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua. Unguja ndiko mikarafuu ilikoanzia, mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kimbunga cha 1872 kiliing'oa karibu yote, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu ya Zanzibar, iliyo nyingi, ni ya Wapemba. Mti mrefu, matawi yake yanakatika bila kutoa ishara, na wachumaji huwa juu mchana kutwa. Kila msimu kuna anayeanguka. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Zikishakauka huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Fedha hiyo ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo harusi ya binti, ndiyo nauli ya Hija ya mzee aliyeingoja miaka thelathini. Wakati wa msimu hata hisabu ya umri wa watoto hufanyika kwa karafuu: "Huyu alizaliwa msimu ule zilipozaa sana." Mimi nilikuwa nimewaonyesha wageni mandhari.

Asubuhi hatukwenda mahali pa kutazama. Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa eneo lile. Mwenyeji alitaja majina yetu, tunatoka wapi, tutapita wapi, tutatoka lini. Tulikaa karibu saa nzima, tukanywa chai na mkate wa kumimina. Mjerumani mume aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna fomu ya kujaza. Nikamwambia hii ndiyo fomu. Mkewe alielewa haraka kuliko yeye. Alivua viatu bila kuambiwa, akakaa mkekani na wake wa pale, na kwa ishara wakaelezana idadi ya wajukuu.

Pujini tulifika jua limeshapanda. Magofu ya ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, yamebaki kuta zilizomeguka na handaki lililozibwa na majani, na aliyekuja kutazama majumba atarudi hana alichokiona. Lakini aliyetueleza alikuwa mzee wa kijiji hicho hicho, na kwake Mkama Ndume ni kama jirani mbaya aliyehama juzi. Alivyowatesa watu kubeba mawe wakienda kwa makalio. Alivyokuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana, akakigawa kisima kwa ukuta katikati, mmoja anateka kwa ngazi, mwingine kwa kamba. Mzee akainama juu ya kisima akatuonyesha ukuta ulipokuwa, kisha akamtania mjukuu wake kwamba hata leo usiku ndoo zinasikika. Nilikuwa nimeandika dakika thelathini kwa Pujini. Tulikaa mpaka adhuhuri.

Chakula cha mchana nilikuwa nimekipanga kije kwenye visanduku kutoka mjini. Mwenyeji akanizuia. Tukala kwa watu pale pale, kwa fedha ile ile: wali wa nazi, pweza, ndizi mbichi. Hili nalisema kwa wenzangu wa kazi bila kuficha: sisi tunauza Pemba kwa bei kubwa, halafu tunakwenda na maji yetu, chakula chetu, mara nyingine hata muongozaji wetu, na kijiji kinabaki na vumbi la gari. Hiyo si haki.

Siku ya tatu tulikuwa Ngezi, kaskazini kabisa, baada ya Konde. Ukitoka juani ukaingia msitu ule, mwili unashtuka kwa baridi. Mivule imekwenda juu mpaka shingo inauma. Chini yake kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi, mwembamba, usioota popote duniani isipokuwa Pemba. Kuna mabaki ya mashine ya kupasulia mbao ya zamani za ukoloni, yameliwa na kutu, mizizi imeyakumbatia. Kuna kima punju pia, lakini hao ni wageni kama mimi. Waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Mahali fulani mwenyeji alisimama, akatuzuia kwa mkono. Pembeni ya njia, chini ya mti mkubwa, palikuwa pamefagiliwa. Kitambaa cheupe kimefungwa tawini. Akasema ni pa watu, na hatupiti. Tukazunguka kichakani, mwendo wa dakika kumi na miiba juu. Mholanzi hakuinua kamera. Nilimwona mkono ukienda, ukarudi.

Usiku tulirudi kumtafuta bundi. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine: bundi mdogo, ninga wa kijani, chozi, na ndege mdogo mwenye miduara myeupe machoni. Watatu tulikuwa tumeshawaona mchana. Huyu wa nne haonwi kwa kutafutwa. Mwenyeji alituketisha juu ya gogo, akazima tochi, akasema: tunyamaze mpaka asahau kama tumo humu. Kwa mtu aliyelipwa miaka kumi na moja kwa kusema, kunyamaza dakika arubaini ni kazi nzito. Mwanzo unasikia moyo wako. Halafu mbu. Halafu unaanza kutenganisha: jani linaloanguka, komba anayeruka, mawimbi ya Vumawimbi kwa mbali. Ndipo akalia. Sauti moja fupi, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kimya. Tena. Akajibiwa na mwingine upande wa bondeni. Tochi ilipowashwa, kwa nukta chache tu na kwa pembeni, tulimwona amekaa tawini, rangi ya majani makavu, hazidi ukubwa wa ngumi mbili. Mjerumani mume, aliyekuwa akiniuliza saa tangu siku ya kwanza, alikuwa analia.

Kisiwa cha Misali sitakisema sana. Ni siku nzuri ya bahari na wengi huijua. Tuliondoka Wesha tumechelewa, maji ya bamvua yametuacha chombo kimekaa mchangani, tukangoja saa mbili yajae. Nahodha alituhadithia kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani akawaomba wavuvi msala, mkeka wa kuswalia, wakawa hawana, akawaambia kisiwa chenyewe kitakuwa msala maana kimelala kuelekea Kibla. Ndiyo asili ya jina. Kisha akatuonyesha upande wa mwamba ambao wavuvi hawautupii nyavu. Kisiwa kimewekwa chini ya hifadhi tangu 1998, lakini yeye hakuanza na sheria. Alianza na msala: mahali pa kusujudia hapachafuliwi.

Jioni hiyo tukaenda Kidike kwa popo. Lazima niwaeleze popo wa Pemba, kwa sababu watu wakisikia popo wanafikiria yule mdogo wa paani. Huyu uso wake ni wa mbweha, manyoya yake rangi ya machungwa, na mbawa zikifunguka hufika karibu mita moja na nusu. Walikuwa wananing'inia mitini kwa mamia, wakijipepea kwa mbawa kama wazee barazani.

Mzee mmoja wa pale alitueleza kwamba ujana wake alikuwa mwindaji wao. Walipigwa bunduki, wakaliwa, miti yao ikakatwa, mpaka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisiwa kizima kilikisiwa kuwa na maelfu machache tu. Wengi waliobaki walikuwa kwenye makaburi ya kale na misitu ya mizimu, ambako mtu hathubutu kupanda na panga. Ndipo vijiji vikaanza kuweka vikundi vya kuwalinda. Makisio ya miaka ya 2000 yalifika kama 20,000. "Wanakula embe zetu na shelisheli zetu," mzee akasema, "lakini na mbegu za mivule ni wao wanaozipanda. Mie nimepanda mivule mingapi?"

Jua lilipozama wakaanza kuachia matawi. Mmoja, watatu, halafu mbingu nzima. Hakuna aliyesema neno. Nami sikueleza.

Siku ya kuondoka niliomba tupite tena Mtambile. Safari hii gari tuliliacha mbali, likazimwa. Nilitangulia peke yangu na mwenyeji. "Hodi." Kimya. "Hodi." Ndani pakajibiwa. Nikamwamkia bibi, shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitambua. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba kosa si la wageni, ni langu mimi niliyelelewa nikajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Walete."

Wageni walikuwa wameketi chini kwenye kivuli, Mjerumani mke anafundishwa kuchambua: kikonyo unakishika mkono huu, unakibana kwenye kiganja cha ule, unasokota mara moja, karafuu zinaanguka, konyo linabaki vidoleni. Yeye zilimkatikia katikati, wakacheka naye. Kiganja cha bibi kilikuwa cheusi na kinang'aa kama ngozi ya ngoma. Alimshika mgeni mkono akauonyesha namna, bila lugha, mara mbili, mara tatu, mpaka ukakubali.

Ndipo mawingu yakapanda kutoka upande wa Kengeja. Mtoto mmoja akapiga ukelele, "Mvua!" na uwanja mzima ukasimama. Kuanika ni kazi ya subira, kuanua ni vita. Kila mtu alikamata pembe ya jamvi. Mwalimu wa Dodoma na dereva huku, Mholanzi na kijana wa nyumba kule, mimi na bibi jamvi moja, yeye ananiamrisha: "Kunja! Usiburure! Inua!" Karafuu zilizokauka siku tatu zilikuwa zinalia kama mvua yenyewe zikimiminika kwenye magunia mdomo wazi. Tone la kwanza lilitupata tunaliingiza la mwisho.

Tulikaa barazani tunahema. Bibi akamwita Mholanzi kwa kidole, akaielekeza kamera. Alitaka kuiona ile picha ya siku ya kwanza. Kijana akaitafuta akamwonyesha. Bibi aliitazama karibu, akaitazama mbali.

"Mwambie aifute hii," akaniambia. "Nimekaa vibaya, na kanga yenyewe ya kazini."

Ikafutwa mbele yake. Akaingia ndani, akatoka na kanga mpya, doti nzima, akaketi katikati ya wenzake, akaamua nani akae wapi, na akamwambia mpiga picha, kwa mkono, asogee nyuma kidogo.

Mvua ilikatika. Dereva akatukumbusha boti. Nilipoaga, bibi hakuuachia mkono wangu.

"Na weye wa wapi hasa? Uso huu si wa mjini."

Nikamwambia bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Kengeja.

"Kengeja kwa nani?"

Nikataja jina la bibi, na la baba yake kadiri nilivyolikumbuka. Akaketi tena. Akamwita mwenzake atoke jikoni aje asikie. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, nani alioa kwa nani, nani alihamia Unguja msimu gani wa karafuu, wakabishana juu ya mtoto wa pili, na barabarani dereva alikuwa ameshawasha gari anapiga honi.